Tusiihukumu Ardhi ya Maweni kwa Uso Wake

Wapo miongoni mwetu wanaoyatazama maweni ya Unguja, tangu Makunduchi hadi Jambiani na Paje, wakasema kuwa ni ardhi iliyonyimwa, na kwamba kuvikata vichaka vyake si hasara. Kauli hiyo ni ya haraka, nayo inatugharimu.

Jiwe la maweni ni la chokaa, lililotokana na matumbawe ya bahari ya kale. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni angani na udongoni, yakapata ukali mdogo wa kuliyeyusha jiwe hilo kidogo kidogo. Ndipo zikapatikana nyufa na mapango. Jiwe likiyeyuka, karibu lote huondoka na maji, na kinachobaki kuwa udongo ni kichache mno. Basi mmea wa maweni hukabiliwa na mambo matatu: udongo haba uliojikusanya katika vishimo vya mwamba, kiu, kwani mvua hupenya upesi ikaenda chini, na wingi wa chokaa unaoizuia mizizi kupata chuma na fosforasi kwa wepesi. Ndiyo sababu mikarafuu hustawi penye udongo wa kina, magharibi ya Unguja na sehemu kubwa ya Pemba, wala si maweni.

Hata hivyo, mdaa na miti mingine ya huko hupenyeza mizizi nyufani, na majani yake yaangukayo ndiyo yanayourutubisha udongo. Mkulima naye hupanda mtama au kunde vishimoni, kisha huipumzisha ardhi kwa miaka kadhaa. Huo si uvivu, bali ni elimu.

Hatari ni hii: tukikifyeka kichaka chote kwa kuni na kuchomea chokaa, au tukarudi kulima kabla miti haijarejea, mvua huukokota udongo ule haba ukatumbukia nyufani. Penye udongo wa kina, kosa la msimu mmoja huweza kurekebishika. Maweni, wajukuu wetu hawatauona udongo huo ukirudi.

Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa kuwa ya Taifa mwaka 2004, hulinda sehemu tu ya vichaka hivyo. Hivyo basi, wazee na masheha wausimamie muda wa kuipumzisha ardhi, nasi wanunuzi wa kuni na chokaa mjini tuulize vimetoka wapi. Kilichobaki ni amana mikononi mwetu.