Pwani Ilikuwa na Chama Chake

Keti baraza yoyote hapa Shella, Malindi, na kabla ya kikombe cha pili cha kahawa hukumu itakuwa imetoka: Wapwani tumebaki nyuma kwa kuwa hatuna chama chetu. Watu wa Mlima Kenya wanacho, wa Nyanza wanacho, sisi tu wapangaji. Maneno matamu haya, na yanasemwa na wazee ninaowaheshimu. Ila si kweli.

Chama tulikuwa nacho, kikubwa kuliko chochote kinachonadiwa leo. KADU iliundwa Juni 1960, tena Ngong, si Kilifi wala Mombasa. Rais wake alikuwa Ronald Ngala, mwalimu Mgiriama, na pamoja naye walikuwamo Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Kilichowakutanisha ni hofu kwamba KANU ya Wakikuyu na Wajaluo ingeyameza makabila madogo na ardhi yao. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Lakini chama kilichozaliwa na hofu kazi yake ni kulinda kilichopo, na Pwani kilichokuwapo ndicho kilichokuwa kinatuumiza.

Uchaguzi wa 1961 KADU ilishindwa na KANU, viti 11 kwa 19. KANU ikakataa kuingia serikalini Kenyatta akiwa bado kizuizini, basi Ngala akaiunda serikali akisaidiwa na New Kenya Party ya mlowezi Michael Blundell. Mwaka uliofuata, kule Lancaster House, London, serikali za majimbo zikapatikana. Ushindi mkubwa huo. Sasa muulize skwota wa viungani mwa Malindi uliingia vipi shambani kwake. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, ukanda wa pwani ulikuwa umeandikishwa kwa majina ya waliojua njia ya ofisi ya serikali, na Wamijikenda wengi wakageuzwa maskwota juu ya ardhi waliyoilima wenyewe. Majimbo yalikusudiwa kuizuia ardhi ya kabila isichukuliwe na wageni. Yetu ilikwisha chukuliwa kwa karatasi, na katiba ile ile ya majimbo ililinda mali yenye hati.

Halafu hilo neno “yetu”. Ngala alipokuwa akipigania majimbo, Waswahili na Waarabu wengi wa miji hii walikuwa na harakati zao za Mwambao, wakitaka ukanda wa Sultani wa Zanzibar ujitenge na Kenya. Ngala waliyemwona ni Mgiriama anayekuja kuwatawala. Leo wajukuu wa pande zote mbili wanamlilia kana kwamba wote walikuwa nyuma yake.

Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala aliivunja KADU na kujiunga na KANU. Baadaye akawa waziri. Mpiga kura hakuulizwa. Moi, mwenyekiti wa chama cha majimbo, alikuja kutawala miaka 24 kila kitu kikipitia Nairobi.

Vyama vya Pwani vilivyofuata nitavipitia haraka, maana havina mengi. Shirikisho ilipata kiti kimoja 1997, cha Likoni. Amason Kingi alikuwa gavana wa Kilifi mara mbili kwa tiketi ya ODM, na muhula ukielekea ukingoni ndipo PAA, chama chake, ikazaliwa. Mwaka 2022 ilitia saini na muungano wa Azimio, ikahamia ule wa Kenya Kwanza, na mgombea wake wa ugavana akaangushwa na ODM hapa hapa Kilifi. Kingi akawa Spika wa Seneti.

Kuna atakayeniambia ODM nayo imetupa nini. Kidogo sana, sibishi. Lakini bunge la kaunti ambamo wadi ya Shella ina kiti, bajeti inayopitishwa Kilifi, na tume ya ardhi yenye mamlaka ya kuchunguza dhuluma za zamani, vyote vimetoka kwenye katiba iliyopigiwa kura na Wakenya wa kila pembe tarehe 4 Agosti 2010. Majimbo yaliyomponyoka Ngala yalirudi kwa jina la ugatuzi, tena bila chama cha Pwani.

Kwa hiyo atakayekuja hapa 2027 na bendera mpya ya Wapwani asipigiwe vigelegele kabla hajajibu: hati za 1908 atazifanyaje, kwa sheria gani, na kwa kura za wabunge wa wapi?