Droni ya kupeleka chanjo Bendera ijaribiwe Bendera

Bendera iko kilomita 120 hivi kaskazini mwa mji wa Kalemie, jimboni Tanganyika. Umeme unaotokana na maji ya mto Kyimbi unatoka pale na kuwasha Kalemie. Lakini dawa na chanjo zinapanda kwa barabara ya taifa nambari 5, ambayo mvua inaiharibu na wenye silaha wanaitegea. Ndiyo maana anayeahidi ndege ndogo za umeme zisizo na rubani anasikilizwa haraka. Asikilizwe, ila aulizwe: zimepimwa wapi?

Mfano uko karibu. Mwaka 2018, DHL, Wingcopter na shirika la Ujerumani GIZ walitangaza matokeo ya majaribio ya miezi sita kati ya Mwanza na kisiwa cha Ukerewe, Tanzania. Ndege yao ilitajwa kubeba kilo 4, kukimbia kilomita 130 kwa saa na kufika kilomita 65. Juu ya ziwa, kilomita 60 zilichukua wastani wa dakika 40, yaani kilomita 90 kwa saa. Huo si uongo: kupaa, kutua na upepo vinakula muda na betri. Lakini muuguzi anayengoja chanjo anategemea namba ya pili, si ya kwanza. Tena ndege ile isingetoka Kalemie hadi Bendera bila kubadilishiwa betri njiani.

Ziwa Tanganyika lenyewe liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kandokando yake kuna milima. Hewa ya joto na ya mahali pa juu ni nyepesi. Ndege inatumia nguvu zaidi kujiinua, hasa inayopaa wima. Basi ipimwe na mzigo kamili, asubuhi na saa sita mchana, kwenda na kurudi, kwa sababu upepo unaoisukuma ikienda utaizuia ikirudi. Ikitua na betri tupu, imeshindwa hata kama imefika.

Majaribio ya chanjo yaliyofanywa Mbandaka mwaka 2019 yalileta matumaini, lakini Equateur ni tambarare.

Kuna na hofu, tena ya haki: mashariki mwa Kongo, droni inajulikana kwa vita. Wakaaji na askari wajulishwe mapema siku na njia ya kila jaribio, isije ikapigwa risasi. Kiisha serikali ya jimbo ibandike matokeo kwenye kituo cha afya: kilo, dakika, betri iliyobaki, na ndege ngapi zimeanguka.