Kadi ya Bima Haiungi Mfupa

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi. Makato hayo hayangoji. Lakini mwalimu aliyevunjika nyonga akiuliza ni daktari yupi wa upasuaji wa mifupa atakayeipokea bima yake, huonyeshwa orodha ya hospitali. Hospitali haishiki kisu! Anayekishika ni daktari, na aghalabu katika hospitali za kibinafsi daktari huyo hudai ada yake kando. Ndipo mgonjwa hulazwa kwa bima na kupasuliwa kwa harambee. Yafaa SHA ichapishe, kaunti baada ya kaunti, majina ya madaktari waliokubali viwango vyake. Mlipaji ana haki ya kumjua mganga wake kabla hajavunjika.