Nyumba Pacha na Ukuta wa Kati

Ninyi mkaao Kindu mnaifahamu nyumba ya namna hii: paa ni moja, milango ni miwili, na katikati uko ukuta mmoja unaotenga jamaa mbili. Mji wetu ni mji wa mto na wa reli. Njia ya reli ya Kindu mpaka Kongolo, yenye kilometa 355, ilimalizika mwishoni mwa mwaka 1910. Na penye reli hapakosi nyumba za wafanyakazi. Tena, shirika la Office des Cités Africaines, lililoundwa mwaka 1952, lilijenga maelfu ya nyumba katika miji mikubwa ya Kongo, na baadhi yake ziliungana ukuta. Sababu yake ni rahisi: ukuta wa kati hujengwa mara moja, nao hutumika mara mbili.

Wako watu wanaozidharau nyumba hizo. Husema, “Hizi ni nyumba za kazi tu, za nini kuzitunza?” Basi tutazame kwanza jinsi nyumba za namna hiyo zilivyopata heshima huko Ulaya, hata sheria ikazilinda, kisha tujiulize sisi wenyewe.

Katika karne ya 19 viwanda vya Uingereza vilijaza nchi vitu vingi vya bei rahisi visivyo na uzuri, na fundi wa mikono akasahauliwa. William Morris (1834–1896) alichukizwa na hali hiyo. Rafiki yake Philip Webb alimchorea nyumba huko Bexleyheath, karibu na London, nayo ilianza kujengwa mwaka 1859. Huitwa Red House, maana yake Nyumba Nyekundu, kwa kuwa matofali yake mekundu yaliachwa yaonekane, bila kufichwa kwa lipu. Hilo ndilo lililokuwa fundisho lao: tofali lionekane kuwa tofali, na mbao ionekane kuwa mbao, uzuri utoke katika kazi njema ya mwashi na seremala, wala usibandikwe juu baadaye. Watu wa fikira hiyo waliitwa watu wa Sanaa na Ufundi.

Lakini Red House ilikuwa nyumba ya mtu mwenye mali. Je, mfanyakazi naye asipate nyumba njema? Raymond Unwin na Barry Parker walijibu swali hilo katika mji wa Letchworth, ulioanzishwa mwaka 1903. Hawakuweza kumpa kila mfanyakazi jumba lake peke yake. Kwa hiyo waliunganisha nyumba mbili, au nne, chini ya paa moja pana, hata mpita njia akadhani anaona nyumba moja kubwa. Kila jamaa ilipata mlango wake na bustani yake.

Fikira hiyo ilivuka bahari ikafika Ubelgiji. Baada ya vita vya 1914–1918 nyumba zilikuwa haba. Karibu mwaka 1921 vyama vya ushirika vya wapangaji vilianza kujenga mitaa miwili huko Watermael-Boitsfort, pembeni mwa Bruxelles: mmoja ni Le Logis, wa pili ni Floréal. Louis Van der Swaelmen alipanga njia na bustani. Jean-Jules Eggericx alichora nyumba nyingi. Nyumba zimeungana ukuta kwa ukuta, zikiwa na paa za vigae na ua wa miti. Mbao za milango na madirisha ya Le Logis ni za kijani. Za Floréal ni za manjano. Mwaka 2001 serikali ya jimbo la Bruxelles iliiweka mitaa hiyo chini ya ulinzi wa sheria.

Sasa angalieni maana ya ulinzi huo. Mpangaji wa Floréal hawezi kuamka asubuhi akapaka mlango wake rangi ya buluu. Akitaka kubadili dirisha, ataomba ruhusa. Jambo hilo laweza kumlemea mtu, kwa maana baridi ya Ulaya ni kali na dirisha la zamani hupitisha upepo. Wala manung’uniko yake si ya upumbavu. Hata hivyo sheria ina sababu. Nyumba pacha ina uso mmoja. Jirani wa kuume akipandisha paa lake na kuweka mabati ya namna nyingine, jirani wa kushoto ameharibiwa nyumba bila yeye kugusa kitu. Na pale paa mbili zisipolingana, maji ya mvua huingia chumbani kwa yule asiye na kosa. Hakuna awezaye kulinda nusu ya nyumba peke yake.

Kongo nayo ina sheria ya kulinda mali ya urithi, ni ile ya tarehe 15 Machi 1971, namba 71-016. Lakini sheria haipandi juu ya paa siku ya mvua. Morris na Webb walijua hayo. Mwaka 1877 waliunda chama cha kulinda majengo ya kale, na shauri lao kubwa lilikuwa hili: tengeneza kidogo kidogo, mapema, kabla ya kubomoa. Wazee wetu walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, baba na mama mnaokaa katika nyumba pacha, shikeni mambo mawili. La kwanza, msiguse paa wala mfereji wa maji kabla ya kupatana na jirani. Mapatano hayo yaandikwe, ili atakayenunua upande mmoja kesho ayakute. La pili, ukuta wa matofali laini ya zamani msiufunike kwa saruji kali. Unyevu ukifungiwa ndani hauna pa kutokea, na tofali huliwa likawa vumbi. Udongo au chokaa iliyoshika matofali tangu mwanzo iwe kipimo cha fundi wenu.

Nanyi wanafunzi, mnayo kazi. Majina ya makampuni na ya wakubwa yameandikwa vitabuni, lakini majina ya waashi na maseremala ni machache sana yaliyoandikwa. Chagueni nyumba moja kuukuu katika mtaa wenu. Ombeni ruhusa kwa wenyeji, pimeni milango, choreni paa, kisha waulizeni wazee: nani alichoma matofali haya, na nani aliyapanga? Andikeni jibu pamoja na tarehe. Afadhali kuuliza mwaka huu, maana wazee wanaokumbuka wanazidi kupungua.