Mazimbu na Swali la Wasioamini: Dini Ina Kazi Gani Leo?

Kila mwaka vijana wengi huja Mazimbu kusoma katika Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wapo miongoni mwao waliolelewa katika jumuiya ndogo ndogo, wakapokea Kipaimara na kutumikia altareni. Chuoni, na zaidi katika simu zao, hukutana na hoja ambazo nyumbani hazikusikika: kwamba dini ni mabaki ya zamani, kwamba humpumbaza maskini, na kwamba haina nafasi katika mambo ya umma. Kijana akirudi likizo na kuyasema hayo, wazazi wengi humkemea. Sisi tunaona kwamba kemeo halitoshi, na historia ya Mazimbu yenyewe inatuonyesha sababu.

Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC, chama cha Afrika Kusini, eneo hili lililokuwa shamba la mkonge. Mwaka uliofuata ikaanza shule ya vijana waliokimbia kwao baada ya mauaji ya Soweto ya 1976. Ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Miongoni mwa masomo yake lilikuwamo somo la maendeleo ya jamii, lililofuata mtazamo wa Karl Marx, ambaye kwake dini ilikuwa faraja isiyo ya kweli kwa watu wanaoonewa. Kwa hiyo, hoja zinazotushtua leo si ngeni Mazimbu.

Hata hivyo, aliyeifungua rasmi shule hiyo mwaka 1985 alikuwa Oliver Tambo, Mwanglikana mcha Mungu aliyewahi kukusudia kuwa padre. Katika harakati hizo hizo alikuwamo Chris Hani, ambaye ukosoaji wake kwa viongozi ulichangia kuitishwa kwa mkutano wa ANC hapa Morogoro mwaka 1969. Hani alilelewa Mkatoliki na utotoni alitamani upadre, lakini baadaye akawa kiongozi wa wakomunisti. Aliuawa tarehe 10 Aprili 1993, na Tambo akafariki siku chache baada yake. Aliyeamini na aliyefuata njia nyingine walibeba mzigo mmoja.

Historia hii inatudai kwanza unyofu. Tusidhani kwamba kila anayeiacha imani ameuacha wema. Vijana wengi wa Afrika Kusini waliiona Biblia mikononi mwa waliowakandamiza, kwa kuwa yapo Makanisa yaliyoutetea ubaguzi wa rangi kwa Maandiko Matakatifu. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1965 kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa sasa, ulikiri kwamba waamini wenyewe wanaweza kuwa chanzo cha ukanamungu, pale mafundisho yao yanapopotoka na maisha yao yanapouficha uso wa Mungu. Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki mwenzetu, aliwaambia masista wa Maryknoll mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowaweka watu katika ufukara, litapoteza maana machoni pa watu.

Onyo hilo halijachakaa. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaohusishwa na mahubiri ya kufunga hadi kufa ili kukutana na Yesu. Wasioamini wanapoutaja msiba huo, haitoshi kujibu kwamba lile halikuwa Kanisa letu. Wana haki kudai kwamba anayesema kwa jina la Mungu aulizwe maswali, na kwamba Serikali iulinde uhai wa raia wake. Imani ya Kikatoliki haiogopi dai hilo, kwa kuwa inaihesabu akili kuwa zawadi ya Mungu.

Lakini ipo sehemu ambapo hoja yao inapungua. Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa nchi haina dini, waamini wanyamaze. Ni kweli kwamba Katiba yetu ya 1977 inaitaja Jamhuri kuwa nchi isiyokuwa na dini. Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 19, inalinda uhuru wa mtu kuwa na imani na kuitangaza. Serikali kutokuwa na dini si sawa na raia kuvuliwa dini yao. Tena, kuondoa dini peke yake hakuleti uhuru: katika Umoja wa Kisovyeti makanisa yalifungwa na mapadre wakatupwa gerezani kwa jina la maendeleo.

Uhuru tunaoudai ni wa wote. Mwaka 2016 chama cha wasioamini Mungu nchini Kenya kilisajiliwa, kisha usajili wake ukasitishwa baada ya muda mfupi kwa hofu ya kuvuruga amani. Baadaye Mahakama Kuu ikabatilisha hatua hiyo. Mkatoliki hana sababu ya kuhuzunika kwa uamuzi huo. Mtaguso ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya imani, na imani ya kulazimishwa haimpi Mungu heshima yoyote.

Tufanye nini basi? Jumuiya zetu ziwape vijana nafasi ya kuuliza bila kuaibishwa. Wazazi wasikilize hadi mwisho kabla ya kujibu, na pale wasipojua, wakiri hivyo na kutafuta jibu pamoja na mtoto. Mtume Petro alitutaka tuwe tayari kueleza sababu ya tumaini letu, tena kwa upole. Kisha matendo yetu kwa mgonjwa, mjane na kibarua yathibitishe maneno yetu.

Mazimbu kuna makaburi ya wakimbizi wa Afrika Kusini waliofia hapa bila kuuona uhuru wa nchi yao. Mwezi Novemba, tunapowaombea marehemu wote, tuwakumbuke na hao, walioamini na wasioamini, na twende makaburini pamoja na vijana wetu wenye maswali.