Ati famasia ni uchawi? Kaa chini tusome hicho Kigiriki

Kuna klipu inazunguka tena huku kwetu, kutoka Rongo hadi Mbita. Pengine umeiona. Jamaa ameshika Biblia mkono mmoja, simu mkono wa pili. Anafungua Wagalatia 5:20, pale Paulo anapotaja matendo ya mwili. Anasoma neno uchawi, halafu anainua simu juu: "Kwa Kigiriki hapa ni farmakeia! Na farmakeia ni nini? Famasia!" Kanisa linalipuka kwa amina. Baada ya hapo hana kazi tena, hesabu mnaimalizia wenyewe. Famasia ni uchawi, kidonge ni uchawi, na nesi ni mchawi tu mwenye koti jeupe.

Naijua hiyo klipu vizuri kwa sababu mwaka jana niliisambaza mimi.

Sikuchunguza chochote. Nilisikia Kigiriki nikanyenyekea. Nikaikata vizuri, nikaweka maandishi ya manjano, ikapata watazamaji wengi kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeposti. Nikaituma pia kwa grupu ya WhatsApp ya familia, ile ya michango ya harusi na matanga.

Kwa hiyo grupu kuna shangazi yangu. Anauza omena kwa ufuo mmoja wa ziwa, na amekuwa akimeza ARV miaka mingi. Ameniruhusu niandike haya bila jina lake wala la ufuo. Alikuwa mzima kabisa, debe lake la omena anabeba mwenyewe. Alipoona klipu hakuuliza mtu. Aliacha vidonge kimyakimya miezi minne. Kliniki ikampigia simu, hakushika. Sisi tulijua siku amelazwa, mwembamba, kifua kikuu kimemshika. Nilipofika wodini hakunigombeza. Aliniangalia tu akasema, "Nyathi owadwa, nilidhani wewe umesoma."

Kwa hivyo msidhani nimekuja hapa kumchamba pasta wa mtu. Hii posti ni deni langu.

Kwanza tukumbuke tunaishi wapi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulipima watu wa miaka 15 hadi 64. Kenya nzima, wanaoishi na virusi vya Ukimwi walikuwa asilimia 4.9. Migori ilikuwa 13. Homa Bay ilikuwa 19.6, juu kuliko kaunti zote. Sasa wewe simama hapa kwetu mbele ya watu mia useme vidonge ni uchawi. Hapo huchangamshi ibada tu. Kuna mtu ameketi mbele yako na chupa ya dawa iko nyumbani chini ya nguo kabatini, na umemwambia akaitupe.

Na hiyo dawa inafanya kazi gani? Kidonge kila siku kinakandamiza virusi mpaka kipimo kinashindwa kuviona. Mtu akifika hapo na akaendelea kumeza, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, na mama anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Ukiacha, virusi vinarudi ndani ya wiki chache. Hiyo ndiyo kitu tunaita uchawi? Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada, watu huku walikosa usingizi wakiogopa dawa zitaisha. Walifunga na kuomba zisikatike. Halafu mtu anatoka na bando la shilingi 20 anawaambia kwamba walichokuwa wakiomba ni cha shetani.

Sasa twende kwa Kigiriki chenyewe, polepole.

Nianze kwa kukubali. Jamaa hakudanganya kuhusu neno lenyewe. Wagalatia 5:20 kwa Kigiriki ina farmakeia, na neno famasia limetoka kwa ukoo huohuo. Shida ni ile hatua ya katikati aliyoiruka: ameshika neno la leo, akalirudisha karne ya kwanza, akamlazimisha Paulo alizungumze.

Wagiriki walikuwa na neno farmakon. Lilikuwa na maana ya dawa, lilikuwa na maana ya sumu, na pia lilikuwa ile kitu mtu anatumia kuloga. Neno moja, mizigo mitatu. Mjaluo akishangaa hapo atakuwa anaigiza. Yath ni nini? Ni mti. Ni dawa ya hospitali. Na pia ni ile kitu inasemekana jirani amefukia mlangoni mwako usiku. Kwa Kiswahili ni vilevile. Tuna dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya mende, dawa ya mapenzi, na dawa za kulevya. Nikikuambia "fulani anauza dawa," bado hujui kama ni mfamasia, ni mganga, au ni yule kijana anatafutwa na polisi. Unangoja sentensi iishe. Msomaji wa Paulo pia alingoja sentensi iishe.

Na sentensi inasemaje? Angalia jirani wa hilo neno kwenye orodha. Farmakeia imefuata moja kwa moja baada ya ibada ya sanamu. Halafu angalia Agano la Kale la Kigiriki, Septuaginta, tafsiri ambayo Wayahudi waliozungumza Kigiriki waliisoma na ambayo Paulo aliijua. Kwenye Kutoka 7, wale wachawi wa Farao walioshindana na Musa, kazi yao inaitwa farmakeia. Isaya 47, pale Babeli inakemewa kwa kutegemea uaguzi na uganga wake, ni farmakeia tena. Kwa hivyo mtu wa Galatia aliposikia hilo neno kando ya sanamu, alijua ni ya nani inasemwa. Hapa kwetu tungeonyesha bango lililogongwa kwenye mlingoti wa stima: mganga hodari, anarudisha mpenzi, anavuta biashara, anafunga adui, piga namba hii. Hiyo ndiyo farmakeia. Paulo anaikataza, na mimi nasema amina.

Lakini mganga na tabibu si mtu mmoja kwa Paulo. Tabibu kwa Kigiriki ni iatros, na ni neno tofauti kabisa. Kwenye Wakolosai 4:14 Paulo analitumia kwa rafiki yake Luka, na anamwita mpendwa. Hamwambii atubu. Hamwambii achome mkoba wake. Kwenye Mathayo 9:12 Yesu mwenyewe anajieleza kwa mfano wa iatros na wagonjwa wanaomhitaji. Niambie, angejifananisha na mchawi?

Songa mbele mpaka Ufunuo 3:18. Yesu anawashauri watu wa Laodikia wanunue dawa ya kupaka macho wapate kuona. Ni mfano, najua. Lakini mtu hachukui kitu cha uchawi akakifanya mfano wa neema yake. Na wenye Biblia ya Kikatoliki wafungue Yoshua bin Sira 38:4. Pale anafundisha kwamba dawa zinatoka ardhini na Bwana ndiye aliyeziumba, na mtu mwenye akili hazidharau. Unajua neno la Kigiriki lililoko hapo ni lipi? Farmaka. Ni wingi wa farmakon. Ukoo uleule wa neno, na hapa unamsifu Mungu. Sasa yule wa klipu atafanya nini na huo mstari?

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Na Ufunuo 18:23 je? Si imesema mataifa yote yalidanganywa kwa farmakeia? Hizo ndizo kampuni za dawa!" Ndugu, soma sura yote. Anayehukumiwa ni Babeli, pamoja na wafanyabiashara wake wakubwa, na Yohana amechukua picha hiyo kutoka kwa Isaya 47 ileile. Ni mji unaoyaroga mataifa kwa utajiri na uongo wake. Hakuna kliniki hapo.

Na kama una hasira na kampuni za dawa, hasira hiyo sikunyimi. Ila iweke mahali pake. Mwaka 2000 dawa za Ukimwi za mtu mmoja zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Nani wa Nyatike au Suba angelipa hiyo? Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuuza kwa chini ya dola 1 kwa siku, na mwaka huohuo Bunge letu likapitisha sheria iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu. Kabla ya hapo wazazi wetu walizikana kila Jumamosi. Waliua­wa na kukosa kidonge. Dhambi ya wakubwa ilikuwa kukiweka mbali na maskini, na wewe leo kimefika bure mpaka mlangoni, unataka ukiweke mbali naye tena kwa mstari wa Biblia.

Kitu kingine kinanichoma ni hiki. Hao hao wanaoogopa farmakeia ya hospitali hawaogopi chupa ya pasta. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wakaambiwa kinaponya hata Ukimwi. Kilikuwa mizizi iliyochemshwa. Hakuna aliyefungua kamusi ya Kigiriki siku hiyo. Leo maji ya upako yanauzwa, mafuta yanauzwa, na leso pia. Kinywaji chenye nguvu ya siri, kinachouzwa na mtu mmoja anayedai nguvu hiyo ni yake kuigawa. Linganisha na kidonge kilichoandikwa wazi kwenye chupa kina nini ndani, na utakachopewa na nesi yeyote bila kulipa. Kipi kiko karibu na farmakeia ya Paulo?

Halafu tusisahau Injili ilikuja huku na nini. Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, na leo hospitali yao iko pale Kendu Bay. Wakatoliki wana Ombo pale Migori, na Karungu wana St. Camillus, ambayo imelea mpaka mayatima wa Ukimwi. Watu hao walisoma Wagalatia pia. Wengi wao Kigiriki walikisomea darasani miaka, si kwa klipu ya sekunde 60.

Na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Sisemi watu waache kusoma Kigiriki. Someni! Ni raha, na mimi tangu nitoke kwa ile wodi nimekuwa nikijifunza herufi moja moja. Lakini programu ya Biblia kwa simu inayokupa namba 5331 na maana mbili tatu haijakufundisha lugha. Hiyo ni orodha ya James Strong ya mwaka 1890. Inakuonyesha yote ambayo neno laweza kubeba, haikuambii limebeba nini kwa mstari huu. Kuchagua maana unayoitaka kwenye hiyo orodha ni kama mgeni kufungua kamusi ya Kiswahili, akute homa ni ugonjwa, aandike kwao kwamba Homa Bay ni ghuba ya wagonjwa.

Kwa hivyo mtu akikurushia neno la Kigiriki, muulize maswali matatu tu. Neno hili limetumika wapi kwingine? Majirani wake kwenye mstari ni akina nani? Na kama mwandishi angetaka kusema hicho unachosema, angetumia neno gani? Akishindwa kujibu, hana Kigiriki. Ana kipaza sauti.

Wenzangu tunaotengeneza video, hii ni yetu pia. Sisi ndio tuliompa hicho kipaza sauti. Klipu yangu nimeifuta, lakini bado inatembea kwa simu za watu na maandishi yangu ya manjano yako palepale. Juzi nimetumiwa na mtu wa Oyugis, ati nisaidie kuisambaza.

Shangazi amemaliza dawa za kifua kikuu na amerudi kwa ARV. Bado hajapata nguvu ya kubeba debe, analipa kijana ambebee. Kila saa tatu usiku namtumia ujumbe kumkumbusha, na yeye hunijibu kwa neno moja, "Asemuonyo," yaani nimemeza.

Kama uliacha vidonge kwa sababu ya hiyo klipu, iwe ni yangu au ya mwingine, rudi kliniki kesho asubuhi. Waambie ukweli umekosa siku ngapi ili wakupime vizuri. Hawatakufukuza. Na kama grupu ya familia yenu iliipokea ile, itumieni na hii.