Kimya si habari

Vijana wa Kalemie, mnakumbuka GTA VI? Trela ya kwanza ilitoka Desemba 2023, ya pili Mei 2025. Hapo katikati Rockstar ilinyamaza karibu kabisa, na kila mtu akaleta tarehe yake. Hakuna aliyekufa juu ya ile. Lakini tangu Goma na Bukavu zianguke mwanzoni mwa 2025, habari za vita pia tunatumiana vile vile, sauti za WhatsApp bila jina. Uvumi wa vita unaweza kujaza boti usiku na kuizamisha ziwani.

Serikali ya jimbo, semeni kila siku, hata habari ikiwa mbaya. Kimya chenu kinalisha uvumi. Na sisi tuulize: nani ameona? Wapi? Lini? Jibu likikosekana, hapana kutuma.